Maana ya kutatua hitilafu za funksheni za C ndani ya PostgreSQL

Kutatua hitilafu za funksheni za C ni kazi ya kutafuta chanzo cha kosa katika msimbo ambao mtumiaji ameuandika mwenyewe kwa lugha ya programu ya C ili kuiongezea PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, uwezo isiokuwa nao. Tofauti yake na utatuzi wa programu ya kawaida ni mahali msimbo huo unapofanyia kazi. Funksheni hiyo haijiendeshi: kompaila huigeuza kuwa maktaba, na seva huipakia maktaba hiyo ndani ya mchakato wake. Kwa hiyo kielekezi kimoja (kigezo kinachoshika anwani ya kumbukumbu) kikigusa kumbukumbu kisichoruhusiwa kuigusa, mchakato wa seva hufa papo hapo, na PostgreSQL, kwa kuwa haiwezi tena kuiamini kumbukumbu ambayo michakato yake yote huitumia kwa pamoja, hukata miunganisho ya watumiaji wote na kuanza kujirejesha katika hali salama. Kazi hii isifanywe kamwe kwenye seva ambayo watu wanaitegemea.

Kila muunganisho una mchakato wake, na huo ndio wa kufuatiliwa. Mtatuzi huuliza `SELECT pg_backend_pid();` akapata namba, kisha kwenye dirisha jingine huendesha `gdb -p` (gdb ni programu ya kutatulia hitilafu) pamoja na namba hiyo, akaweka kituo cha kusimamisha utekelezaji (breakpoint) kwenye jina la funksheni, akauruhusu mchakato uendelee, ndipo arudi kuiita funksheni yake. Amri ya `LOAD` huipakia maktaba mapema ili gdb ilitambue jina hilo. Akisharekebisha msimbo, afungue muunganisho mpya, kwani ule wa zamani bado umeshikilia maktaba ya awali. Wengi hupoteza saa nzima hapa wakidhani marekebisho yao hayakufaa kitu.

Kosa linalosumbua zaidi hutokana na aina ya `text`. Maandishi yake hayamaliziwi na baiti ya sifuri kama ilivyo desturi ya C, bali urefu wake hutangulia mwanzoni. Anayeyapima kwa `strlen`, funksheni ya C inayohesabu baiti hadi ikute sifuri, husoma kupita mwisho wake, na siku baiti inayofuata ikiwa sifuri kwa bahati, jibu hutoka sahihi. Dawa yake ni kuyapitisha kwanza kwenye `text_to_cstring`, ambayo huyageuza kuwa maandishi ya mtindo wa C. Vilevile, funksheni isiyotangazwa kuwa `STRICT` huitwa hata hoja ikiwa NULL, yaani haina thamani, hivyo `PG_ARGISNULL`, inayokagua hali hiyo, itangulie.

Kwa majaribio, PostgreSQL yenyewe ijengwe kutoka msimbo wake kwa chaguo la `--enable-cassert`, maana hapo kumbukumbu iliyoachiwa hufutwa kwa makusudi, na kosa lililokuwa likijificha hujitokeza mapema.