Kabla hujaweka mkeka, shika kikokotoo kwanza

Kwenye semina zetu za hesabu kwa vijana swali la kubeti halikosekani, mtu anakwambia mwalimu mi nachagua timu za uhakika tu, odi (namba inayozidishwa na hela uliyoweka ukishinda) ndogo ndogo, sasa mbona mkeka (tiketi moja yenye mechi kadhaa) unachanika, yaani unaliwa, kila wikiendi? Jibu lipo kwenye kugawanya na kuzidisha, ya darasani kabisa.

Chukua 1 gawanya kwa odi. Odi ya 1.25 inakupa 0.8, yaani asilimia 80, ndo maana mnaiita ya uhakika. Fanya hivyo hivyo kwa matokeo mengine ya mechi hiyo, tuseme sare ni 5.50 na mgeni kushinda ni 10.00, utapata 18.2 na 10. Jumlisha zote tatu: 108.2. Lakini mechi ina matokeo matatu tu, jumla inatakiwa iwe 100! Hiyo 8.2 iliyozidi ndo cha kampuni, kimeshawekwa ndani ya odi kabla mpira haujaanza. Ukigawa 80 kwa 108.2 unakuta ile asilimia 80 yako kumbe ni kama 74.

Sasa mkeka unataka zote zishinde, kwa hiyo nafasi zinazidishwa, na hapa ndo hela za watu zinapoishia. 0.74 mara 0.74 ni 0.55, mechi mbili tu ushakaribia nusu. Mechi 10 za aina hiyo inabaki kama 0.05, mikeka mitano kwenye mia. Odi ya jumla, yaani zile 1.25 kumi zikizidishwa pamoja, ni 9.31, maana yake ukiweka mikeka mia ya 1,000 umetoa laki moja, na hiyo mitano ikitiki inakurudishia kama 46,500. Ungeweka mechi moja moja kwa odi ile ile, kwa wastani laki ingerudi kama 92,500, bado hasara ila ndogo, kwa sababu kila mechi unayoongeza kwenye mkeka kampuni inakata tena juu ya ilichokwisha kata.

Na ile ya "wamefungwa mechi nne, leo lazima washinde" naomba muiache kabisa jamani. Shilingi ikianguka kichwa mara nne, ya tano bado ni nusu kwa nusu. Timu nayo ikifungwa mfululizo mara nyingi kuna sababu, majeruhi, kocha mpya, beki imelegea, na waliopanga odi wanayajua hayo yote.