Je, wajua? Zile nyota mbili kando ya Msalaba wa Kusini hazina undugu

Mwezi Juni, mnamo saa tatu usiku, ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, tazama kusini. Kushoto kwa Msalaba wa Kusini, lile kundi dogo la nyota lenye umbo la msalaba, utaona nyota mbili kali zilizokaribiana. Iliyo mbali zaidi na Msalaba, yenye umanjano kidogo, ni Alpha Centauri. Mwenzake mweupe wa kuelekea buluu ni Beta Centauri.

Jamii nyingi zilizoziona zimezitaja pamoja. Waboorong wa Australia walisema ni ndugu wawili wawindaji. Kwa Wainka wa Peru ni macho ya llama (mnyama wa mizigo wa Amerika Kusini) mkubwa mweusi, aliyemo ndani ya kile kiza cha Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota angani. Watswana na Wasotho huzihesabu, pamoja na nyota za Msalaba, kuwa kundi la twiga: Dithutlwa.

Ajabu ni kwamba nyota hizo hazihusiani kabisa. Nuru ya Alpha hutufikia kwa miaka 4 na ushei. Ya Beta huchukua karibu 390. Zinaonekana jozi kwa sababu tu zimeangukia upande mmoja wa macho yetu, kama taa ya ngalawa iliyo karibu na taa ya meli iliyo mbali sana nyuma yake.

Ndugu halisi wa Alpha jicho halimwoni. Mwaka 1689, padri Mjesuiti Jean Richaud alikuwa Pondicherry, India, akifuatilia nyota yenye mkia (kometi) kwa darubini, akagundua kuwa Alpha yenyewe ni nyota mbili. Hizo ndizo zinazoshikana kweli: mvutano wa kila moja humzuia mwenzake asitoroke, na huzungukana kwa takriban miaka 80. Tangu Richaud azione, zimekwisha kuzungukana mara nne.

Leo ile kubwa huitwa rasmi Rigil Kentaurus, jina lililotoka kwenye Kiarabu, rijl, yaani mguu: mguu wa Kentauri, yule kiumbe wa Wagiriki aliye nusu mtu nusu farasi. Ndogo ni Toliman, nalo linatokana na Kiarabu, neno la mbuni. Mguu na mbuni katika nukta moja ya mwanga! Mimi naona majina haya yana haki sawa na yale ya twiga na ya wawindaji.

Yupo na wa tatu. Mwaka 1915, Robert Innes, akiwa Johannesburg, alimtambua: nyota nyekundu hafifu, Proxima Centauri, isiyoonekana bila darubini ingawa baada ya Jua hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo. Huwazunguka wenzake kwa zaidi ya miaka 500,000. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa nayo ina sayari yake, inayomaliza mzunguko kwa siku 11 tu.