Kitambaa cha molekuli kipo, lakini hakiuzwi: ufafanuzi kwa walaji na wafanyabiashara

Tangu ilipotangazwa Oktoba 2025 kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia imekwenda kwa Omar Yaghi, Susumu Kitagawa na Richard Robson, meza ya malalamiko ya maabara yetu ya upimaji imekuwa ikipokea maswali yanayofanana. Mama mmoja ameuziwa shuka "zilizofumwa kwa molekuli". Kijana wa bodaboda amelipia koti la "nyuzi za nano" aliloambiwa halichaniki, na limechanika wiki ya pili. Mfanyabiashara anauliza ni kibali gani kinatakiwa ili aingize marobota ya kitambaa hicho. Wengi wao wametuambatishia tangazo lile lile lililozunguka WhatsApp, la "shuka iliyoshinda Nobel".

Niseme mapema, ili mwenye haraka asilazimike kufika mwisho: kitambaa kilichofumwa kwa molekuli kimetengenezwa kweli maabara na kuchunguzwa kwa hadubini ya elektroni, ila hakuna duka linalokiuza, Dar es Salaam, Dubai wala Guangzhou. Aliyekuuzia shuka kwa jina hilo amekuuzia kitu kingine.

Sasa nieleze chenyewe ni kitu gani, maana ni kazi nzuri ya kemia na inasikitisha ikijulikana kwa njia ya utapeli.

Anayeijua kazi ya mfumi anajua kwamba nguo haishikwi na gundi. Mtande umetandwa, mshindio unapita juu na chini yake, na hakuna mahali uzi umegandishwa kwenye uzi mwenzake. Ndiyo maana kikoi hukunjwa, hufuliwa na kukamuliwa, na kikikauka ni kikoi kile kile. Mkeka nao ni hivyo: chane zimepishana tu, kwa hiyo unakunjwa na kuegemezwa ukutani. Kigae cha sakafuni hakikunjiki, kwa kuwa kila chembe yake imefungwa kwa jirani na haina nafasi ya kuteleza. Ukikilazimisha, kinavunjika. Fuwele, yaani vitu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, nyingi tunazozitengeneza maabara ni za jamii ya kigae, na kwa miaka mingi wakemia walijiuliza kama fuwele inaweza kuwa ya jamii ya mkeka.

Ugumu ulikuwa kwamba molekuli haina ncha ya kushika kwa vidole. Kabla ya mwaka 1983, wakemia waliotaka kupitisha molekuli moja ndani ya nyingine mara nyingi walitegemea bahati: unachanganya, unasubiri, na ukipata chache zilizopita kwenye pete unashukuru. Mwaka huo, Strasbourg, Ufaransa, Jean-Pierre Sauvage na wenzake walitumia ioni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji ya umeme. Shaba huvuta molekuli moja yenye umbo la pete na nyingine yenye umbo la mwezi mchanga, na kuzishika ya pili ikiwa imepita ndani ya ile pete. Wakazifunga ncha za ile ya mwezi mchanga ikawa pete ya pili, kisha wakaiondoa shaba. Zikabaki pete mbili zilizoingiliana kama za mnyororo, na mavuno, yaani sehemu ya malighafi iliyogeuka kuwa pete hizo, yakawa asilimia 42. Kwa kazi iliyotokana na hatua hiyo, Sauvage alipata Nobel mwaka 2016 pamoja na Fraser Stoddart na Bernard Feringa.

Mwaka huo huo wa 2016, mwezi Januari, maabara ya Yaghi huko Berkeley, California, ikachapisha kazi ya fuwele iliyofumwa, iliyopewa jina la COF-505. Yaghi ni mzaliwa wa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Alikwisha kujulikana kwa viunzi vyake, yaani fuwele zilizojaa vishimo zinazojengwa kwa kuunganisha vipande vya molekuli kama mafundi wanavyounganisha mabomba ya jukwaa la ujenzi. Safari hii yeye, Yuzhong Liu na wenzao, akiwemo mtaalamu wa hadubini Osamu Terasaki, walitaka fuwele ya kufumwa, na njia waliyoichukua iligeuza kazi ya mfumi juu chini.

Mfumi huanza na uzi, halafu hupata mapishano. Wao walianza na mapishano. Walichukua molekuli mbili ndefu zilizopishana, ioni moja ya shaba imekaa katikati ikizishika kwa pembe inayotakiwa. Msalaba huo una ncha nne, na kila ncha ina kishikio cha aldehidi. Kisha wakaweka kiunganishi kiitwacho benzidini, kinachoshika ncha ya msalaba huu upande mmoja na ncha ya msalaba wa jirani upande wa pili. Wakafunga chombo na kukipasha hadi nyuzijoto 120 kwa siku tatu. Misalaba ilipoungana, ncha kwa ncha, uzi ukatokea wenyewe, umejipinda kama parafujo, ukipita juu ya huu na chini ya ule. Kwa maneno mengine, uzi haukuwahi kuwepo peke yake ukasubiri kufumwa. Umezaliwa ukiwa umeshapishana.

Jambo lililonivutia zaidi mimi, kama mpimaji, ni kipimo kilichofuata. Shaba iliondolewa kwa myeyusho wa sianidi ya potasiamu (kemikali inayoua, na hakuna sababu yoyote ya mtu kuigusa nje ya maabara). Mpangilio wa nyuzi ukabaki vile vile, lakini uwezo wa fuwele kunyumbuka ukaongezeka mara 10. Shaba ilikuwa imekaa kwenye kila mapishano kama kishikizo; ilipotoka, nyuzi zikapata nafasi ya kuteleza zikipishana. Wakairudisha shaba, na hali ya awali ikarejea. Fikiria nguo unayoweza kuifanya ngumu au laini bila kuongeza wala kupunguza uzi hata mmoja.

Wengine wamefuata. Mwaka 2020 kundi la David Leigh, Chuo Kikuu cha Manchester, lilitangaza kitambaa bapa cha molekuli, chenye mtande na mshindio, kilichoandikwa kwenye rekodi za Guinness kuwa na nyuzi kati ya milioni 40 na 60 kwa inchi moja. Januari 2025 William Dichtel na wenzake wa Northwestern University, Marekani, wakatoa polima (jamii ya plastiki) ambayo molekuli zake zimeshikana kama pete za vazi la vita la zamani, mapishano trilioni 100 kwa sentimita moja ya mraba. Hiyo ya mwisho naitilia maanani kwa sababu moja ya kawaida kabisa: walitengeneza nusu kilo. Vitu vya namna hii kwa kawaida hupimwa kwa miligramu.

Matumizi? Kundi la Northwestern lilichanganya asilimia 2.5 tu ya polima yao ndani ya nyuzi za Ultem, plastiki inayostahimili joto kali na tindikali, na nyuzi hizo zikawa ngumu zaidi kuvutika. Kwa hiyo mavazi ya kujikinga, kama fulana zisizopenywa na risasi, ndiyo yanayotajwa kwanza. Fuwele zilizofumwa zinatajwa pia kwa kuchuja, kwa kuwa matundu ya kitambaa cha molekuli yanalingana ukubwa na hayatofautiani kama ya chujio la nguo. Na zinatajwa kwa vifaa vinavyopaswa kujikunja mara nyingi pasipo kupata ufa. Nasema "zinatajwa" kwa makusudi. Kati ya kipimo kilichofaulu maabara na bidhaa yenye nembo ya ubora kuna vipimo vya uimara, usalama na gharama ambavyo havirukwi.

Naomba sasa turudi kwenye shuka. Yapo makosa matatu tunayoyasikia kila wiki, na nakiri yanachosha kwa sababu mengine yanarudiwa na watu wenye shahada.

La kwanza ni kudhani kwamba uzi mwembamba sana ndio ufumaji wa molekuli. Sivyo. Kitambaa laini cha kufutia miwani ni poliesta iliyotengenezwa kuwa nyembamba kiwandani. Uzi wake mmoja una molekuli nyingi mno ubavu kwa ubavu. Katika kitambaa cha Leigh, uzi wenyewe ni molekuli moja.

La pili ni kuchanganya tuzo ya 2025 na ufumaji. Nobel ile ilitolewa kwa viunzi vya metali na molekuli za kikaboni, vile vinavyoweza kunasa maji kutoka hewa kavu ya jangwani au kuhifadhi gesi. Havikufumwa. Yaghi amefanya kazi zote mbili, lakini kazi mbili si kazi moja. Tangazo linalosema "shuka iliyoshinda Nobel" halina hata neno moja la kweli.

La tatu ndilo linaloumiza mifuko: kuamini kwamba neno "nano" ni daraja la ubora. Ni kipimo cha ukubwa, basi. Umoja wa Ulaya unaiita nanomata, yaani malighafi ya nano, ile ambayo angalau nusu ya idadi ya chembe zake zina upande ulio kati ya nanomita 1 na 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Moshi wa jiko la mkaa una chembe za ukubwa huo, na hakuna anayeuuza kwa jina la nano. Soksi zilizotiwa fedha ya nano ziliwahi kuuzwa Marekani. Mwaka 2008 watafiti wa Arizona State University walizifua kwa maji na wakaona baadhi zimepoteza karibu fedha yote baada ya kufuliwa mara nne. Mnunuzi alilipia kitu kilichokwenda na maji machafu. Na si kila chembe ndogo ni salama kuvuta puani: mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka aina moja ya mirija ya nano ya kaboni katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kwa sababu hiyo, dawa za kupuliza za "kufanya nguo iwe nano" zisipulizwe chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, na kamwe mbele ya watoto.

Wafanyabiashara, tafadhali someni sehemu hii kwa utulivu. Kitambaa kilichokamilika na kemikali ya kukipaka ni mizigo miwili tofauti kisheria. Ukiingiza kopo la dawa ya kupuliza, umeingiza kemikali, na unaangukia Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182. Unatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kupata kibali kabla mzigo haujafika, si ukiwa umeshakwama bandarini. Karatasi ya taarifa za usalama iwe na sehemu zote 16. Tunaangalia sana sehemu ya 3, muundo wa kemikali pamoja na namba za CAS (namba za kimataifa za kutambulisha kila kemikali), na sehemu ya 9, ambako msambazaji wa Ulaya hutakiwa kueleza sifa za chembe. Ikiwa kopo limeandikwa "nano" na sehemu ya 9 haisemi lolote kuhusu chembe, mwulizeni aliyewauzia kabla hatujawauliza ninyi. Kitambaa chenyewe kinapita kwa utaratibu wa Shirika la Viwango Tanzania wa ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa, na cheti cha ulinganifu ni cha mzigo husika. Cha mzigo wa mwaka jana hakitumiki.

Madai yaliyo kwenye lebo na tangazo yanasimamiwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha walaji. Tume ya Ushindani inaweza kutoza faini inayofika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Si ya faida, ni ya mauzo. Wapo wanaotuambia "mimi nimeandika kama kiwanda kilivyoandika". Mwenye kuuza ndiye anayejibu. Kwa kulinganisha tu, Ufaransa tangu 2013 humtaka kila anayetengeneza, kuingiza au kusambaza gramu 100 au zaidi za nanomata kwa mwaka aziorodheshe serikalini, na asiyefanya hivyo hutozwa hadi euro 3,000 pamoja na euro 300 kwa kila siku ya kuchelewa. Gramu 100 ni uzito wa kipande kidogo cha sabuni.

Mlalamikaji naye ana wajibu. Tunachoweza kupima ni nguo imetengenezwa kwa uzi gani, imepakwa nini, ina fedha au floraini kiasi gani. Jaribio la moto unaweza kulifanya mwenyewe kwa uzi mmoja, nje ya nyumba, ukiwa umeushika kwa koleo: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Matokeo hayo hayatumiki kama ushahidi, lakini yanaweza kukuokolea nauli.

Ukiamua kuleta sampuli, lete kipande ambacho hakijafuliwa, kisichopungua sentimita 30 kwa 30, kikiwa bado na lebo yake. Lebo isikatwe. Kama nguo imeshafuliwa, andika imefuliwa mara ngapi na kwa sabuni gani, kwa sababu kipako kinachoisha kwa kufuliwa ndicho tunachokitafuta. Weka kwenye mfuko safi wa plastiki, ufunge kwa utepe, na utie sahihi juu ya utepe huo. Ambatisha risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, pamoja na nakala ya tangazo. Picha ya simu inatosha iwapo tarehe inaonekana. Mapokezi watakigawa kipande hicho katika sehemu tatu mbele yako: sehemu moja ya kupimwa, moja ya kuhifadhiwa, moja ya kurudishiwa wewe ikiwa na lakiri. Usiondoke kabla hujapewa hiyo ya tatu. Mwenye duka akipinga majibu yetu, ndiyo itakayopelekwa maabara nyingine kupimwa upya, na lakiri ikiwa imevunjwa haitapokelewa.