Liyongo Hakuzaliwa Jagina

Mitihani ya fasihi ikikaribia hapa Lamu, jibu huwa lile lile: Fumo Liyongo wa masimulizi ya kale ya Waswahili ni jagina kwa sababu alikuwa pande la mtu, mwili usiopenywa na chuma. Nimechoka kulisahihisha. Maguvu alizaliwa nayo, na kitu ulichozaliwa nacho hukukitolea jasho.

Usomeni utendi alioutunga Muhammad Kijumwa, mwana wa Lamu hii hii, mwaka 1913. Kisa cha mkoma, mti wa matunda ya koma, nakipita haraka: wenzake wanataka apande wamfume mishale akiwa juu, yeye anaziangusha koma kwa mishale yake akiwa chini. Hapo bado ni mwili na shabaha. Gerezani ndipo mambo yanapogeuka. Kafungwa pingu, na chakula kizuri anacholetewa na Saada, kijakazi wa mamake, kinaliwa na walinzi. Maguvu hayamfai kitu. Inambidi atunge wimbo, amtume kijakazi huyo, amwombe mamake mkate wa wishwa ambao hakuna mlinzi atakayeutamani, na ndani yake tupa. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, na vishindo vyake vinafunika sauti ya tupa ikikata chuma. Aliyeogopwa na kisiwa kizima cha Pate sasa uhai wake u mikononi mwa wanawake wawili. Kukubali hivyo kunadai moyo mwingine kabisa.

Linaloniudhi zaidi ni ile sentensi ya vitabu vya marudio: “Alikufa kwa kumtobolea siri mwanawe.” Kana kwamba alighafilika! Kijana katumwa na mfalme wa Pate, kaahidiwa cheo na mke. Anapomuuliza babake ni kitu gani kiwezacho kumuua, Liyongo anamwambia waziwazi kwamba anaona anataka kumuua. Amekwisha kujua. Na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Yule aliyeponyoka kila mtego huu anauingia macho wazi, kwa ajili ya mtoto. Kwangu mimi, safari yake ya ndani imefika kilele hapo, wala si pale kisimani alipokufa kapiga goti, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji.

Nakiri kuwa Kijumwa hasemi moyoni mwa Liyongo mlikuwa na nini. Yamkini ni mapenzi ya baba, yamkini alishachoka kuwindwa, na kila nikirudia beti zile naegemea upande mwingine. Lakini mwanafunzi anayeniandikia “alitoboa siri” pasipo kuuliza kwa nini, alama za swali hilo kwangu hapati.