Moto wa betri, moto wa swichi: kamera ya gari ichukue umeme wapi?

Mafundi umeme wa magari hapa Kigoma wana maneno mawili ambayo mwenye gari hana budi kuyaelewa kabla hajafunga kamera ya dashibodi: moto wa betri na moto wa swichi. Moto hapa ni umeme. Moto wa betri upo muda wote, hata gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Moto wa swichi unakuja ukiwasha swichi, ukizima unakatika. Yote miwili inapatikana kwenye boksi la fyuzi, na hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Fyuzi ni kipande chembamba cha metali kilichotengenezwa makusudi kiwe dhaifu kuliko waya unaokifuata. Umeme ukizidi, kinayeyuka na kukata njia. Watu wengi huamini fyuzi inalinda redio au taa. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya usipate joto hadi ukawaka. Ndiyo maana namba ya fyuzi inapangwa kwa kuangalia waya unaweza kubeba nini. Fyuzi za kuchomeka zina rangi: ya ampea 10 ni nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani.

Kamera kwa kawaida haifikishi hata ampea moja, na waya wake ni mwembamba kama wa spika za masikioni. Jirani yangu ana Probox inayobeba abiria kwenda Kasulu. Fundi aliyemfungia kamera alichuna ncha ya waya, akaizungushia mguu wa fyuzi ya 20, akaigandamiza fyuzi mahali pake. Ikafanya kazi wiki kadhaa. Kisha waya ukachubuka pembeni mwa kioo cha mbele, shaba ikawa inagusa bodi la gari kwa kusuasua, na siku moja abiria wakasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tulipovua kifuniko cha nguzo tulikuta ganda la waya limelainika kama ubani, limegeuka kahawia na kunasa kwenye sponji ya dari. Fyuzi ya 20 ilikuwa nzima kabisa. Haikuwa mbovu, umeme haukufika kiwango chake cha kukatika, lakini kwa waya ule ulikuwa mwingi mno. Magari yetu yanabeba watu, watoto wakiwemo, na hili linaniuma kwa sababu kinga yake ni ya bei ndogo.

Kinga yenyewe ni kishikio cha fyuzi mbili. Unachomoa fyuzi ya gari, unachomeka kishikio kwenye tundu lake, kisha fyuzi ya zamani inakaa chini na mpya, ya ampea 2 au 3, inakaa juu ikiulinda waya wa kamera peke yake. Kina upande wake. Tundu la fyuzi lina midomo miwili: chomoa fyuzi, washa swichi, bana kamba ya testa, kijitaa cha kupimia umeme, kwenye bodi kisha gusa mdomo mmoja mmoja. Ule unaowasha taa ya testa ndio unaoleta moto, na mguu wa kishikio unaolisha fyuzi zote mbili ukae hapo. Ukikigeuza, kamera bado itawaka, ila mzigo wake utapitia kwanza kwenye fyuzi ya zamani.

Chagua tundu la soketi ya chaja au la redio. Fyuzi za mifuko ya hewa, breki za ABS, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini usiziguse. Waya unapopanda kwenye nguzo, kama gari lina mfuko wa hewa pale, upite nyuma yake, usikatize mbele. Waya mweusi, yaani wa hasi, ufungwe kwenye bolti inayoshika chuma kitupu. Rangi na kutu huzuia umeme.

Sasa turudi kwenye moto wa betri. Unahitajika pale tu unapotaka kamera ilinde gari likiwa limeegeshwa. Chukua mtu aliyeacha gari Kibirizi akapanda boti kwenda kijiji cha ziwani, akarudi baada ya siku mbili. Kamera inayokula ampea 0.4 kwa saa 48 imemaliza zaidi ya ampea-saa 19. Kwa betri ya ampea-saa 45 hiyo ni karibu nusu, na betri iliyochoka haitawasha gari. Kwa hiyo waya hauendi moja kwa moja kwenye kamera. Unapitia kifaa kinachoshusha volti 12 kuwa 5 na kukata umeme betri ikishuka. Mara nyingi kina waya wa njano wa moto wa betri, mwekundu wa moto wa swichi na mweusi wa bodi, lakini soma karatasi yake. Kikikupa kuchagua, weka kikate kwenye volti 12.2 au 12.4, hasa kama betri si mpya. Malori mengi ni ya volti 24, hivyo hakikisha kifaa kinaipokea.

Kabla ya kufunga, toa kichwa cha hasi cha betri. Kirudishe wakati wa kupima tu. Ukimaliza, pima betri usiku gari likiwa limepumzika saa moja au mbili, kisha pima tena alfajiri kabla ya kuwasha. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikiwa usiku mmoja tu unaishusha hadi kifaa kikate, ondoa waya wa njano kwenye moto wa betri uhamie kwenye moto wa swichi, kamera irekodi safarini tu hadi utakapobadilisha betri.