Mjusi Kafiri wa Kufugwa Anapobadili Namna ya Kula

Mjusi kafiri mwenye madoa ya chui, ambaye kitaalamu huitwa Eublepharis macularius, asili yake ni maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India, na leo ni miongoni mwa reptilia wanaofugwa kwa wingi majumbani Ulaya na Marekani. Anapogoma kula, wafugaji wengi hukimbilia dawa, ilhali cha kwanza kupimwa ni joto la kizimba chake. Sakafu ya upande wenye joto inapaswa kukaribia nyuzi 32 za Selsiasi. Ikipoa sana, mdudu aliyemezwa hukaa tumboni bila kusagika, na mara nyingi hutapikwa.

Yapo mambo yanayoonekana ya ajabu ambayo ni ya kawaida kabisa. Mjusi huyu hula ngozi yake anapojivua, na hutikisa ncha ya mkia kabla ya kumrukia nyenje. Dume huweza kupoteza hamu ya chakula majira ya kupandana, na jike anapokaribia kutaga hali kadhalika. Mkia mnene ni akiba ya mafuta, kwa hiyo mjusi mzima mwenye afya hadhuriki kwa kukosa mlo siku kadhaa.

Kulamba au kumeza mchanga mara kwa mara ni jambo tofauti. Huenda anatafuta kalsiamu, kwa kuwa nyenje na mabuu ya mbawakawa wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mfugaji asiyewapaka unga wa kalsiamu kabla ya kuwalisha humwacha mnyama wake na upungufu unaolainisha taya na kupinda miguu. Mchanga wenyewe unaweza kuziba utumbo. Binafsi sioni sababu ya kuutumia kizimbani hata kidogo, kwani karatasi au vigae vinatosha, tena huonyesha kinyesi waziwazi.

Akikosea shabaha kila anapowinda, mtazame macho, maana mabaki ya ngozi ya zamani hunasa kwenye kope. Katika uzao unaoitwa Enigma, hata hivyo, kukosea huko huweza kutokana na kasoro ya kurithi ya mishipa ya fahamu.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, na uandike tarehe, uzito, alichokula na alichobakiza. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au mkia ukikonda ingawa anakula, peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo anayehudumia reptilia ili kitafutwe kimelea cha Cryptosporidium. Kimelea hiki hakina tiba ya kutegemewa, na klorini ya kawaida ya kusafishia haikiui; kwa sababu hiyo, wakati majibu yanasubiriwa, mjusi huyo atengwe, ahudumiwe mwisho baada ya wengine, na vyombo vyake visihamishiwe kizimba kingine.