Nywele Blondi, Uso Uleule: Yanayosemwa Saluni Kuhusu Mekapu

"Ukiweka blondi, faundesheni nayo ipande rangi moja."

Hii ndiyo kauli inayosikika zaidi, na ndiyo inayoharibu nyuso nyingi. Rangi ya nywele haigusi ngozi. Kilichobadilika ni jirani: uso uliozoea nywele nyeusi sasa umezungukwa na rasta za namba 613 (blondi iliyofifia) au wigi la namba 27 (blondi ya asali), na jicho linausoma upya. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha Gobelins jijini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimepauka. Alipozichunguza hakukuta kasoro. Weusi ulionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1839. Basi ngozi ya kahawia nayo, ikikaa pembeni mwa blondi, huonekana imekolea zaidi ingawa haijabadilika hata chembe.

Mtu anajitazama kwenye kioo, anasema "mbona nimekuwa mweusi," anakimbilia faundesheni nyeupe zaidi. Rangi hizo nyepesi huwa na titani dioksidi nyingi, unga mweupe ambao kwenye ngozi nyeusi huacha ukungu wa kijivu. Piga picha kwa flashi uone uso na shingo vinavyogombana. Wengine hawaishii hapo, huenda moja kwa moja kwenye mkorogo, na humo mara nyingi mna zebaki au haidrokwinoni, ambazo Tanzania na Kenya zimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Yote hayo kisa wigi!

Faundesheni yako ya zamani bado ni yako. Ipime kwenye taya, ukiwa mlangoni penye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya tyubu. Ikipotea ndani ya ngozi, hiyohiyo. Ukiona uso umepoa, ongeza rangi mashavuni: ya tofali, au ya zabibu iliyoiva. Mwili unataka damu kidogo, hautaki chokaa.

"Nyusi zifanane na nywele."

Jaribu uone. Mwenye ngozi nyeusi akipaka nyusi rangi ya dhahabu, ukimtazama kwa hatua chache hana nyusi. Ziache nyeusi, au kama wanja mweusi tii umekuwa mkali, chukua penseli ya kahawia iliyokolea. Chora vistari vifupi kufuata nywele zinakoelekea, mwanzo wa nyusi karibu na pua uwe hafifu kuliko mkia, kisha pitisha brashi kavu. Binafsi napenda nyusi nyeusi na nywele blondi. Hakuna anayedhani umezaliwa nazo, na hakuna haja ya kumdanganya mtu.

Jambo ambalo halina mjadala kwamba ni hatari ni lile la kuchukua rangi iliyobaki kwenye bakuli la nywele, au piko, na kupaka nyusi au kope. Rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD, na piko nayo huwa nayo. Miaka ya 1930 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali za jamii hiyo, ikawaunguza wanawake macho na kuwapofusha. Kisa hicho ni mojawapo ya vilivyosukuma sheria ya vipodozi ya mwaka 1938. Msusi akikuambia "tutie kidogo tu," mwambie hapana, dada.

"Nywele za rangi ya divai, lipstiki ya rangi ya divai."

Wengine wanageuza: mwenye nywele nyekundu asiguse lipstiki nyekundu. Zote mbili ni maneno tu. Namba 99J, hiyo rangi ya divai ya rasta na wigi, ni nyekundu inayoelekea zambarau, kwa hiyo lipstiki inayogombana nayo ni ile ya chungwa. Nyekundu nzito au kahawia inakaa vizuri, mradi moja iwe imekolea kuliko nyingine.

Walioweka blichi wana shida yao. Nywele nyeusi zikitolewa rangi hupita kwenye wekundu, kisha chungwa, ndipo zifike njano, na wengi huishia katikati. Kama umebaki na chungwa kichwani, weka kando bronza na rangi ya chungwa ya mashavuni, la sivyo uso mzima unakuwa kitu kimoja. Waridi iliyokolea inafaa zaidi.

"Mwenye mvi apunguze mekapu."

Kinyume chake. Nywele zikiwa nyeupe, ule mvutano wa weusi uliokuwa ukizunguka uso umeondoka, na midomo na nyusi ndizo zinazobeba kazi. Bibi aliyeacha kanta anaweza kuvaa lipstiki nyekundu kuliko alivyovaa akiwa na miaka thelathini. Aliyepaka hina, mvi zikageuka chungwa, afuate ushauri wa blichi hapo juu.

"Doa la rangi kwenye paji la uso linafichwa na faundesheni."

Linafichwa hadi jasho litoke. Paka mafuta mazito ya mgando kando ya nywele kabla ya kutia rangi, doa halitashika. Na kama ngozi ya hapo inawasha au imevimba baada ya rangi, usiweke mekapu kabisa. Osha kwa maji mengi, na uvimbe ukienda machoni nenda hospitali siku hiyohiyo.